Nani Ataonja Chumvi ya Viazi

Kiazi kitamu kikichemshwa kinalainika tu. Kikivumbikwa kwenye jivu la moto ndipo kinapokuwa kiazi. Maneno haya nimeyasema mbele ya watu wa Bagamoyo tangu ujana wangu, nao wamenicheka tangu ujana wangu, na hawajaacha kula. Mimi ni mtu wa Mkange, huko juu njia ya kwendea Saadani, na kwetu viazi vya shamba havikuingia kwenye maji. Vilichimbwa, vikafukiwa katika jivu la majani yaliyochomwa palepale, na mtu akala amesimama, mikono myeusi. Nilipoletwa Bagamoyo kuolewa, nikiwa na miaka kumi na saba au kumi na minane, nilikuta viazi vinamenywa, vinakatwa vipande na kupikwa kwa tui la nazi mpaka vinavurugika. Ni vitamu, sikatai. Ila mtu akila hajui kama ametafuna.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya mji, penye minazi mingi kuliko watu. Tulikuwa watano: mimi na mume wangu, mama yake, na dada zake wawili. Wifi mkubwa alikuwa ameachika akarudi kwao, mdogo alikuwa hajaolewa. Mume wangu alikuwa akifanya kazi ya mbata, kufua nazi na kuzianika, kwa hiyo makumbi yalilundikana uani mpaka yakawa yanaziba ukuta wa makuti. Makumbi yakishika moto hayana haraka. Yanafuka taratibu kutwa nzima na kuacha jivu jororo, la moto, lisilounguza. Nilipoliona jivu lile kwa mara ya kwanza niliona chakula.

Chakula chenyewe nilikitengeneza kidogo kidogo, nikichanganya ya kwetu na ya kwao. Nachagua viazi vya kadiri ya kiganja, visivyo na mafundo, naviweka kivulini siku tatu vinyauke. Kiazi kilichonyauka kina sukari kuliko kilichotoka ardhini leo. Sivioshi, navifuta kwa kitambaa. Nachimba shimo pembeni ya ua, natandika jivu la makumbi, napanga viazi visigusane, nafunika kwa jivu jingine, na juu kabisa naweka makaa machache. Nikivitia baada ya swala ya adhuhuri, kabla ya alasiri kuingia viko tayari. Ganda limekunjamana na asali imechungulia pembeni.

Wakati huo natengeneza cha kujazia. Kamba wakavu kutoka Saadani, nawatoa vichwa, nawaloweka kidogo, nawatwanga nusu nusu. Kitunguu, bizari, pilipili mbichi, kisha tui zito la mkamuo wa kwanza, nalipika mpaka lianze kutoa mafuta. Ndipo navipasua viazi mgongoni, bila kufika mwisho wa kiazi, nazilegeza nyama za ndani kwa kijiko, nashindilia kamba mpaka vinafurika. Navipanga kwenye chungu kipana, nafunika kwa bati, napalia makaa juu ya bati. Tui likikauka na kingo zikageuka nyekundu, basi. Kamulia ndimu, kula.

Siku ya kwanza nilipovumbika viazi uani, wifi mkubwa alikuja akasimama na mikono kiunoni.

"Wifi, unazika nini?"

"Nazika maneno yako."

"Watu wa porini mna mambo. Sisi huku maiti tu ndio tunafukia."

Jioni ile alikula vitatu. Nilimhesabia kwa macho.

Chakula hiki kina ubaya mmoja, nao ni chumvi. Kamba wa Saadani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na kila mchemshaji ana mkono wake. Pakacha hili limepoa, pakacha lile ni chumvi tupu. Ukitia chumvi kwa mazoea utaharibu. Usipotia, pengine utaharibu vilevile. Lazima mtu aonje. Siku za kawaida hilo si neno, unalamba upawa unamaliza. Lakini viazi hivi vilikuja kuwa futari ya nyumba yetu katika Ramadhani moja, mwaka ambao vita vya Wazungu vilikuwa vinaelekea ukingoni na mchele ulikuwa haupatikani ila kwa kujuana, na mwenye kufunga haonji.

Wenye elimu wanasema mpishi akigusa kwa ncha ya ulimi na kutema, swaumu yake haina dosari. Mama mkwe aliwasikia na hakuwakubali. "Ulimi ukishaonja, koo limeshameza," alikuwa akisema. Kwake aliyeonja chumvi ya futari alikuwa yule mwanamke ambaye hajafunga kwa sababu yuko katika siku zake. Katika nyumba ya wanawake wanne hakosekani mmoja. Hakuna aliyetaja sababu. Mama mkwe aliuliza tu, "Leo nani ataonja?" na anayehusika alinyoosha mkono kuchukua upawa, macho chini, na mambo yakaendelea. Ikitokea wote tumefunga, jirani wa upande wa pili wa ua aliitwa, naye akija au akituma binti yake, tulijua habari za nyumba yake kwa njia hiyohiyo. Hayo yalikuwa mambo ya jikoni, wanaume hawakuyajua na hawakuwa na haja ya kuyajua.

Sasa niseme la kwangu. Kabla ya Ramadhani ile nilikuwa nimepoteza mimba mbili. Ya kwanza ilitoka na miezi mitatu, ya pili na miezi mitano, na hii ya miezi mitano sitaisimulia. Mara ya kwanza nilimwambia mume wangu jioni. Asubuhi, muuza vitumbua wa pembeni ya njia alinipa mkono wa hongera. Mume wangu alikuwa amemwambia mama yake, na mama yake alikuwa ameuambia mtaa. Mara ya pili nilimwomba asiseme, akaahidi, akasema. Mwanamume na mama yake ni kama chungu na kifuniko, hata ukiweka mkono katikati unaungua bure.

Zilipotoka, mtaa wote ulikuja. Walikuja kwa wema, najua. Walikaa mkekani wakasema Mungu ndiye mpaji, wakasema mimi bado kijana. Nami nililala nimeelekea ukutani nikisikia kila sauti ikiuliza mlangoni ilikuwa ya miezi mingapi. Kama jicho la mtu linaweza kutoa mimba, mimi sijui, na mpaka leo sina hakika. Nilichokijua ni kuwa kupoteza mtoto mbele ya mtaa mzima ni kumpoteza mara mbili. Na baada ya ile ya pili nilimsikia jirani huyohuyo kisimani akimwambia mama mkwe kuwa yuko mtalaka mmoja Lugoba, mwanamke mzuri, mwenye watoto wawili tayari, uzazi wake hauna shaka. Sikusubiri kusikia jibu. Nilijitwika mtungi nusu nikaondoka na hasira yangu.

Mwezi wa Rajabu haukuniletea siku zangu. Wa Shaabani haukuniletea. Nikaapa moyoni kuwa safari hii hatajua mtu, si mume wala kivuli changu, mpaka nipite miezi mitano. Huyu wa tatu akitoka naye, nilijua habari ya Lugoba itarudi, na safari hiyo haitasemwa kisimani kwa kunong'ona. Basi Ramadhani ilipoandama nilifurahi kama mtu aliyepewa kificho. Asubuhi nilikuwa natapika, lakini katika mwezi ambao hakuna anayekula mchana, nani atauliza kwa nini sili? Nikisinzia, wote wanasinzia. Nikitema mate, wote wanatema. Nilifunga ya kwanza, nikafunga ya pili, nikafunga ya kumi. Nilijiona mjanja kupita wanawake wote wa pwani hii.

Juma la kwanza wifi mkubwa ndiye aliyeonja viazi. Baada yake, kwa siku nane, waliitwa jirani na binti yake. Juma lililofuata alishika wifi mdogo, ambaye alikuwa hajui chumvi kidogo na chumvi nyingi, akisema kila siku "pazuri hapo" mpaka mume wangu akaomba maji mara tatu mezani. Mimi nilikuwa nikishughulika na jivu langu, nikikoroga kamba, nikiuacha upawa upite mbele yangu kama vile haunihusu. Unaniuliza, mwanamke mwenye akili zake hakuona? Hakuona. Nilikuwa nimeshika ufunguo nikisahau mlango. Mwanamke wa umri wangu, mzima wa afya, anafunga siku ishirini na zaidi bila kukosa hata moja, katika nyumba ambamo kila upawa una macho. Nilikuwa nimetangaza mimba yangu kwa kufunga.

Siku ya ishirini na tatu, baada ya adhuhuri, viazi vilikuwa jivuni na kamba walikuwa wanachemka. Mama mkwe alimtuma wifi mkubwa akatafute ndimu, ingawa ndimu zilikuwapo mbili nyuma ya mtungi. Akamtuma wifi mdogo kisimani, ingawa maji yalikuwapo. Mimi sikulitilia maanani. Aliketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akachota mchuzi kidogo kwa upawa, akaupuliza, akanielekezea.

"Onja."

"Mama, mimi nimefunga."

"Najua umefunga. Leo ya ishirini na tatu. Nami nimezihesabu zote."

Nilishika kuni nikaisogeza mekoni, ingawa haikuhitaji kusogezwa.

"Tangu mwezi uandame hujaonja chumvi hata siku moja," alisema. Hakuwa ameongeza sauti. "Mimi ni mzee, nimekwisha kuachana na mambo hayo, ndiyo maana sionji. Wewe je, umezeeka?"

Hapo ndipo nilipoona. Damu ilinipanda kichwani, na kabla ya hofu ilifika hasira, maana mimi hasira yangu haina mguu mbovu. Nilimwuliza bila adabu hata kidogo, "Umeshamwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Wewe?"

"Mimi."

Nilicheka, kicheko kibaya. Yeye aliuweka upawa juu ya kifuniko cha chungu, akajifuta mikono kwenye kanga yake, muda mrefu, kidole kimoja kimoja.

"Ile ya kwanza niliisema mimi," alisema. "Ya pili niliisema mimi vilevile, na mwanangu alinisihi nisiseme. Furaha ilinijaa nikashindwa kuibeba. Halafu nikakuona umelala siku tisa uso ukutani, na kila mpita njia anajua kwa nini. Kila aliyeingia kukupa pole, mimi ndiye niliyemwita. Nimeona haya kukuomba radhi kwa sababu mimi ni mkubwa. Leo naomba."

Ningependa kuandika kuwa nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Hasira ya miaka miwili haiyeyuki kwa maneno matatu, hata yawe ya kweli. Nilimwuliza habari za mtalaka wa Lugoba.

Alinitazama kama mtu aliyepigwa na kitu asichokiona. "Ulisikia hayo?"

"Nilisikia."

"Ulisikia nilivyomjibu?"

"Nilikwisha kuondoka."

"Nilimwambia mwanangu ana mke. Na nikamwambia akirudia, asije kuchota kisima hiki. Ndiyo maana mwezi mzima alikuwa anakwenda kisima cha mbali. Wewe hukuona?"

Nilikuwa nimeona. Nilidhani wamegombana kwa sababu ya ndoo.

Kamba walianza kushika chini, nikawakoroga. Machozi yalikuwa yananitoka, na nikasema ni moshi, naye akasema ndiyo, moshi wa makumbi ni mkali. Baadaye akasogea karibu akaniambia mambo mawili kwa sauti ya chini, ingawa uani tulikuwa peke yetu. La kwanza, kuwa sheria imempa nafasi mwenye mimba anayemhofia mtoto wake ale, alipe swaumu baadaye, na mimi nilikuwa nimekonda mpaka mifupa ya shingo inahesabika. La pili lilihusu wenzetu.

"Nikila watajua," nilisema.

"Ukila kwa kificho watajua. Ukionja mbele yao hawatajua. Aliye katika siku zake hana mimba."

"Huo si uongo, mama?"

"Uongo nani kasema? Wewe hutafunga, ni kweli hufungi. Utaonja chumvi, ni kweli umeonja. Watakayojiambia wenyewe ni ya kwao."

Nimeishi na wanawake wengi wajanja, na bado sijakutana na aliyemzidi. Nilichukua upawa. Mchuzi ule, mchana wa Ramadhani, ulinigusa ulimi kwa ukali hata nikafumba macho.

"Vipi?"

"Chumvi imezidi."

"Nilijua," alisema. "Wifi yako mdogo alikuwa anatudanganya juma zima."

Tuliongeza tui, tukaongeza kitunguu. Akafukua kiazi kimoja jivuni kwa mkono wake, akakipasua, akakijaza kamba, akanipeleka nyuma ya jiko na kusimama mbele yangu ametanua kanga yake kama pazia. Nilikila chote na ganda lake. Alikuwa amenipa mgongo, hakuniangalia nikila.

Mawifi waliporudi, mama mkwe aliwaambia bila kugeuza uso, "Leo chumvi ameonja mke wa kaka yenu." Wifi mkubwa aliweka ndimu chini. Alinitazama, nikaona uso wake unalegea kwa huruma, huruma ya mwanamke kwa mwenzake ambaye mwezi mwingine umempita mtupu. Usiku huo alinichongea mswaki wa mti wa mjafari, akanipa kiazi kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, yeye ambaye hakuwahi kuniachia kikubwa. Niliona aibu kumdanganya. Kiazi nilikila.

Siku saba zilizobaki ziligawanywa vizuri. Mimi nilikuwa nala, na kwa kuwa nilikuwa nala niliswali pia, jambo ambalo aliye katika siku zake halifanyi. Basi swala zangu niliziswali chumbani kwa mama mkwe, mlango umerudishwa, yeye ameketi kizingitini akipepeta ungo. Mchele hatukuwa nao. Alipepeta ungo mtupu, shaa, shaa, mpaka nitoe salamu. Wifi mdogo alimwuliza anapepeta nini, akamjibu anafanya mazoezi mchele ukija asiwe amesahau.

Baada ya Idi, kwa kuwa niliyemficha zaidi alishajua, nilimweleza mume wangu. Alifurahi, kisha akashika mkono wangu akaapa kwa Mungu kuwa safari hii hatamwambia mama yake. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, naye akakasirika, akidhani simwamini.

Kunyamaza kulimgharimu mama mkwe. Mtu aliyezoea kusema akizuiwa kusema hupungua kweli. Nilimwona kisimani akifungua mdomo na kuufunga. Kwenye arusi ya mtaa wa pili mtu alimwuliza, "Na kwenu vipi, hakuna habari?" akajibu kuwa kwetu kuna viazi tu mwaka huu. Watu wakacheka, yeye akaja kukaa karibu nami, akaniegemea bega. Alinipa kaniki yake ya pili nijitande juu ya kanga, wakati huo nguo zilikuwa adimu na yeye mwenyewe akabaki na moja, anaifua jioni na kuivaa asubuhi ikiwa mbichi.

Mwezi wa tano ulipofika, sisi wawili hatukuutaja. Ilikuja siku ileile niliyoijua, na yeye aliijua. Asubuhi aliniambia nisichote maji, nisiiname, nisifagie. Akaenda mwenyewe uani akachimba shimo, akavumbika viazi kwa mkono wake, yeye ambaye hajawahi kuvumbika kitu. Aliweka makaa mengi mno. Viliungua upande mmoja na upande mwingine vikabaki vibichi, na kamba hakuwatoa vichwa. Aliniletea sahani chumbani, tukala upande ule ulioungua kwanza, kwa sababu ule mwingine ulikuwa hautafuniki. Jua likachwa. Kulipopambazuka, mtoto alinipiga teke chini ya mbavu, nikauchukua mkono wa mama mkwe nikauweka pale. Alikaa na mkono wake hapo mpaka chai ikapoa.

Kufika mwezi wa saba, kaniki haikusaidia tena. Watu si vipofu, na wahenga walishasema mficha uchi hazai. Lakini kujua ni jambo moja na kuambiwa ni jambo jingine. Kwetu asiyeambiwa hana ruhusa ya kuuliza, wala hana njia ya kuja kutoa pole. Jirani alijaribu. Aliegemea ua siku moja akasema, "Naona mkwe wako amenenepa." Mama mkwe alikuwa anakuna nazi, hakuacha kukuna. "Ni viazi vyake vya jivu," alisema. "Nakuletea vitatu, nawe utanenepa." Na kweli alipeleka.

Nilijifungua wakati wa masika, asubuhi, mvua ikipiga makuti. Mkunga alikuwepo, na wifi mkubwa alikuwepo akinishika mgongo, akilia na kunilaumu kwa pamoja kwamba nilimfanya anihurumie bure. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni tangu alfajiri. Sauti ya kwanza niliyoisikia baada ya mtoto ilikuwa ya mkunga akisema ni wa kike na ni mzima. Walimfuta, wakamfunga kwenye kipande cha kaniki, wakampa bibi yake.

Mvua ilikuwa imekatika. Upande wa pili wa ua tulisikia sauti ya jirani. "Hodi jamani, kwema humo ndani? Nimesikia kama mtoto."

Mama mkwe alisimama na mtoto kifuani, akaenda mpaka mlangoni. Nilimwona mgongo wake. Niliona mabega yamejaa pumzi, habari yote iko kooni, ya miezi yote ile. Pale kizingitini alisimama. Mdomo wake ulikuwa wazi tayari. Kisha aliufunga, akageuka, akanitazama mimi, mtu mzima wa umri wake, mwenye nyumba yake, akisubiri nimpe ruhusa.

Ile radhi aliyoniomba mekoni nilikuwa sijampa. Nilikuwa nimekula mkononi mwake, nimejifunika nguo yake, na bado nilikuwa sijampa.

"Nimekuwia radhi, mama," nilisema. "Waambie."

Aligeukia uani. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Ilimbidi ameze mate, ajaribu tena.